Kisanduku cha Buluu na Sekunde Chache za Kusubiri

Desemba 2024, sisi watatu tunaoandika makala haya tuliua ruta ya mama mmoja mjini Buffalo. Hatukuidondosha wala hatukuimwagia chai. Tuliingiza ndani yake fimwea mpya, yaani ile programu inayokaa kwenye kumbukumbu ya kifaa na kukiongoza tangu kinapowashwa, na faili tuliyoichagua haikuwa ya kifaa kile. Taa ya umeme ikaanza kupepesa, ikaendelea kupepesa, na waifai ikatoweka nyumba nzima.

Mama huyu ametoka Uvira. Kazi yake ni ukalimani: hukaa chumbani kwake, huvaa vipokea sauti, na kwa njia ya video huwaunganisha wagonjwa wanaosema Kiswahili na madaktari walio katika majimbo mengine ya Marekani. Hulipwa kwa dakika. Shida aliyotuitia ilikuwa kwamba kila jioni watoto wakianza michezo yao ya mtandaoni, picha yake hukwama na sauti hukatika katikati ya maelezo ya dawa. Msaada wa serikali wa dola 30 kwa mwezi, ambao uliwahi kuzifikia kaya zaidi ya milioni 23 nchini, ulikuwa umekoma tangu Juni 1 mwaka huo, kwa hiyo kununua laini kubwa zaidi hakukuwezekana. Tulimwahidi dakika kumi. Saa mbili baadaye akasimama mlangoni na kutuuliza bila ukali wowote, "Wanangu, si mulisema dakika kumi?" Zamu yake ilikuwa inaanza saa moja asubuhi.

Mmoja wetu kwao ni Columbus, mwingine Louisville, wa tatu ni mwenyeji wa Buffalo. Hakuna anayesomea uhandisi. Usiku ule tuligundua kwamba maelekezo yote ya kufufua ruta yalikuwa yanazungumza lugha ya kale: yalitaja vifaa ambavyo hatujapata kuviona, yalitoa amri bila sababu, na yalidai tubonyeze kitufe kwa sekunde tisini kana kwamba ni tambiko. Ili kuyaelewa ilitubidi kuuliza yalitoka wapi. Makala haya ni jibu tulilolipata, na tunaliandika kama historia kwa sababu ni historia.

Kifaa kinachorejelewa kila mahali ni kisanduku cha buluu na nyeusi chenye antena mbili nyuma, Linksys WRT54G, kilichoingia madukani mwishoni mwa 2002. Kampuni ya Linksys ilianzishwa mwaka 1988 huko California na mume na mke wahamiaji kutoka Taiwan, Victor na Janie Tsao. Namba 54 ni kasi ya megabiti 54 kwa sekunde iliyoahidiwa na kiwango kipya cha waifai cha wakati ule. Ndani mlikuwa na kompyuta ndogo kamili: kichakato cha megahezi 125, kumbukumbu ya kazi MB 16, na kumbukumbu ya kudumu MB 4. Simu janja ya bei nafuu kabisa unayoweza kuinunua leo Kariakoo ina nguvu mara nyingi zaidi ya hapo. Machi 2003 Cisco ilitangaza kuinunua Linksys kwa hisa zenye thamani ya takriban dola milioni 500, na pamoja na kiwanda ikanunua tatizo ambalo haikulijua.

Juni 2003 mtu aitwaye Andrew Miklas aliwaandikia watengenezaji wa Linux kwamba alikuwa amechungulia fimwea ya kisanduku hicho na kukuta kazi yao humo. Linux hutolewa kwa leseni ya GPL. Leseni hiyo inaruhusu mtu yeyote kutumia programu, kuibadilisha na hata kuiuza, ila akishawapa wengine nakala, lazima awape pia msimbo chanzo wakiutaka. Linksys ilikuwa imeuza visanduku bila kutoa msimbo. Katika kujitetea kuna jambo la kweli: programu ilikuwa imepitia mikono mingi. Broadcom ilitengeneza chipu, CyberTAN ya Taiwan ikaandaa fimwea, Linksys ikabandika jina, Cisco ikainunua Linksys. Kila mmoja angeweza kusema alipokea mzigo ukiwa umeshafungwa. Sheria ya hakimiliki haijali hoja hiyo, na baada ya wiki chache za kusukumana, msimbo ukawekwa hadharani mwaka uleule.

Hapa tunaona inafaa kutua kidogo. Hakuna mtu aliyekuwa ameiomba Linksys itengeneze ruta iliyo wazi. Uwazi ulipatikana kwa sababu kampuni ilichukua kitu cha bure bila kusoma masharti yake. Ingekuwa imelipia programu ya siri tangu mwanzo, mama yetu wa Buffalo angekuwa na kisanduku kilichofungwa daima, na sisi tusingekuwa na cha kuharibu. (Cisco haikupona moja kwa moja. Desemba 2008 shirika la Free Software Foundation liliishtaki kwa kutotimiza masharti hayohayo katika bidhaa za Linksys, na kesi ikamalizwa kwa maelewano Mei 2009.)

Kuwa na msimbo ni jambo moja, kuuingiza kwenye kifaa ni jingine. Wapenzi wa kwanza walipitia tundu. Kwenye kurasa za mipangilio za WRT54G kulikuwa na sehemu ya uchunguzi ambapo unaandika anwani, na ruta inaipigia hodi ili kuona kama inaitika. Walioitengeneza hawakumzuia mtu kuandika amri badala ya anwani. Ukiandika amri, ruta ilitii. Kwa njia hiyo watu waliwasha mpangilio mmoja uliokuwa umezimwa, uitwao boot_wait. Ukiwashwa, kila mara ruta inapopata umeme husimama sekunde chache kabla ya kuamka kabisa na kusikiliza kama kuna kompyuta inayotaka kuiletea fimwea mpya kwa kebo. Kama hakuna, inaendelea na usingizi wake wa kuamka.

Sekunde hizo chache ndizo zilizozaa utamaduni mzima. Kabla yake, kosa moja lilitosha kugeuza kifaa kuwa tofali, neno ambalo mafundi wa Kiingereza wamelitumia kwa ruta iliyokufa na ambalo sisi tumelichukua lilivyo. Baada yake mtu aliweza kukosea, akachomoa umeme, akachomeka tena, akapeleka faili nzuri ndani ya muda ule mfupi, akaanza upya. Ujasiri wa kujaribu ulitokana na uhakika wa kurudi nyuma. Januari 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt. Nchini Ujerumani, Sebastian Gottschall akaanzisha DD-WRT, na hizo DD mbili si kifupi cha jambo lolote la kiufundi: ni herufi za namba za magari ya mji wa Dresden. Baadaye ikaja Tomato ya Jonathan Zarate, iliyopendwa kwa michoro yake ya matumizi.

Kisha kiwanda kikabadilisha vya ndani bila kubadilisha jina. Mwaka 2005 toleo la tano la WRT54G lilitoka likiwa na MB 8 za kumbukumbu ya kazi na MB 2 za kudumu, nusu ya zile zilizotangulia, na badala ya Linux likawa na mfumo wa kibiashara uitwao VxWorks. Kwa nje ni mapacha. Watu walinunua, wakaingiza fimwea waliyoizoea, wakapata tofali. Malalamiko yalikuwa mengi hivi kwamba mwishoni mwa mwaka huo Linksys ikatoa kifaa cha pekee, WRT54GL, kwa ajili ya wateja wanaotaka Linux, nacho kikaendelea kuuzwa kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Kwa toleo la tano, DD-WRT ilibidi ipunguzwe mpaka itoshee kwenye MB 2.

Hilo ndilo kosa letu, miaka 19 baadaye. Ruta ya mama ilikuwa ya mtumba. Jina lililokuwa mbele yake tulilisoma vizuri. Lebo iliyokuwa chini, yenye herufi ndogo ya v na namba 2, hatukuisoma, na faili tuliyoingiza ilikuwa ya toleo la kwanza. Tungekuwa tunajua kisa cha 2005 tungegeuza kifaa kwanza. Wanachama wenzetu, geuzeni kifaa kwanza.

Sasa kuhusu lile tambiko la sekunde tisini. Katika dunia ya DD-WRT lilijulikana kwa jina la 30/30/30: bonyeza kitufe cha kufuta mipangilio kwa sekunde 30 huku umeme umewashwa, ukiwa bado umebonyeza uchomoe umeme kwa sekunde 30, halafu uchomeke tena na kuendelea kubonyeza sekunde 30 nyingine. Lengo lilikuwa la kweli. Ruta za zamani za Broadcom zilihifadhi mipangilio mahali tofauti na fimwea, kwa hiyo mtu aliyebadilisha fimwea bila kufuta mipangilio alibaki na mabaki ya mwenye nyumba aliyehama. Lakini maelekezo haya yalirithishwa kama mapokeo. Kila mmoja alimwambia aliyemfuata afanye, na ni wachache waliosema kwa nini. Zilipokuja ruta zenye vichakato vya ARM, watu waliendelea kushikilia kitufe, ilhali kwenye nyingi za hizo tendo hilo halikusaidia na lingeweza kuleta madhara, hadi wenye mradi wakaanza kuonya lisifanywe. Tunaosoma fasihi simulizi darasani tunafundishwa kuuliza tendo lilikuwa na kazi gani katika jamii iliyolizaa. Hatukutarajia swali hilo litufae tukiwa tumepiga magoti chini ya meza.

Buffalo, wakati tukiwa hapo, inahitaji maelezo. Ukitafuta habari za ruta na jina la mji huu utapata mamia ya kurasa zisizohusu mji wenyewe, kwa maana Buffalo ni kampuni ya Japani. Vifaa vyake vilipendwa sana na watu wa fimwea huria kwa sababu vilifanana kwa ndani na kile cha buluu. Juni 2007 mahakama ya Texas ilizuia visiuzwe Marekani, katika kesi ya hataza iliyofunguliwa na CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia iliyodai kugundua mbinu ya msingi ya waifai. Zuio lilipoondolewa, kampuni hiyo ilirudi na baadaye ikauza ruta zenye DD-WRT tayari ndani. Yaani kilichoanza kama kazi ya kuingilia tundu la uchunguzi kiliishia kwenye boksi la dukani, chenye dhamana.

Columbus nayo ina sehemu yake, ingawa ni ya zamani zaidi. CompuServe ilianzishwa huko mwaka 1969, na kwa miaka mingi kabla ya intaneti kuwa ya kila mtu, Wamarekani walipiga simu kwa modemu kwenye kompyuta zake ili kusoma habari na kuandikiana. Picha za GIF zilitoka kwa wahandisi wake mwaka 1987. Leo mjini humo Kiswahili, Kisomali na Kizigua vinasikika kwenye basi moja, na mwenzetu wa Columbus hukumbusha jambo la CompuServe kila akipewa nafasi. Tumempa.

Louisville inahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa huko ndiko tulikokutana na hitilafu iliyotufundisha mengi kuliko ya Buffalo. Mji huo umewahi kujua maana ya miundombinu kuondoka: Google Fiber ilifika mwaka 2017, ikalaza kebo zake katika mifereji myembamba yenye kina cha inchi chache tu, kebo zikaanza kuchomoza barabarani, na Aprili 15, 2019 huduma ikazimwa. Ila hitilafu yetu ilikuwa ya hewani. Familia moja ya Waburundi ilikuwa na ruta yenye OpenWrt, na mtandao wake wa gigahezi 5 ulikuwa ukitoweka, ukirudi baada ya dakika, ukitoweka tena. Walibadilisha kebo, wakabadilisha tundu la umeme, wakaihamisha ruta kutoka jikoni hadi sebuleni.

Chanzo ni cha mbali. Karibu na viwanja vya ndege vikubwa Marekani imeweka rada maalumu za kutambua upepo unaobadilika ghafla, ule unaoweza kuiangusha ndege inapotua. Louisville inayo moja, Columbus inayo moja. Rada hizo hufanya kazi kati ya megahezi 5600 na 5650, katikati kabisa ya masafa ya waifai ya gigahezi 5. Kwa hiyo kwenye baadhi ya chaneli ruta inatakiwa kusikiliza kwa dakika nzima kabla ya kusema neno, na ikisikia kitu kinachofanana na rada inyamaze mara moja na kuhama. Ruta ya wale Waburundi ilikuwa imewekwa kwenye chaneli ya namna hiyo. Haikuwa mbovu. Ilikuwa na adabu. Tulipoiweka kwenye chaneli ya 36, isiyohusika na rada, ilitulia. Baba wa nyumba hiyo hupakia mizigo kwenye ndege usiku, na aliposikia maelezo alicheka, akasema basi kumbe waifai ya kwake ilikuwa ikimpisha yeye mwenyewe apite.

Rada hizohizo karibu zimalize historia tunayoisimulia. Watu waliokuwa wamebadilisha mipangilio ya nchi ili kupata nguvu zaidi au chaneli zaidi waliziingilia, na mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikakaza sheria. Machi 2015 mwongozo wake uliwataka watengenezaji waeleze jinsi kifaa kinavyozuia fimwea za nje, na ukaitaja DD-WRT kwa jina. Viwanda vingeweza kutii kwa njia rahisi kabisa: kufunga kila kitu. Wapinzani walikuwa wengi, wakiwemo wahandisi wenye majina makubwa katika historia ya intaneti, na Novemba mwaka huo maneno yakarekebishwa ili yahusu redio pekee. Agosti 2016 TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa kosa la ruta zilizoweza kuzidi nguvu inayoruhusiwa, na katika makubaliano yaleyale ikaahidi kufanya kazi na jumuiya ya programu huria ili fimwea zao ziweze kuingizwa. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa na haki. Anayecheza na mpangilio wa nchi ili apate vipande viwili zaidi vya waifai hajui anamnyima nani usalama. Na anayefunga kifaa kizima kwa sababu ya redio yake anamnyima mwenye nyumba haki ya kukitengeneza. Mei 2018 programu hasidi ya VPNFilter ilikuwa imeambukiza ruta zaidi ya 500,000 duniani, na FBI ikawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Nyingi kati ya vifaa vya namna hii ni vile ambavyo viwanda vimeacha kuvirekebisha. Huko ndiko fimwea huria ina kazi, na huko ndiko familia zetu zinanunua.

Ina mipaka, bila shaka. OpenWrt 19.07 lilikuwa toleo la mwisho kujengwa rasmi kwa vifaa vya MB 4 na MB 32. Kisanduku cha buluu kilichoanzisha yote kimebaki nje ya nyumba yake.

Tunarudi Buffalo, saa tano usiku. Tuliipa kompyuta anwani 192.168.1.2 kwa mkono, tukaunganisha kebo, tukachomeka umeme na kuipigia hodi ruta kwenye 192.168.1.1. Kimya. Tukarudia mara kumi na moja. Mwenzetu wa Columbus akagundua kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa ikichelewa: kila ruta ilipozimwa, kompyuta iliona kebo imekufa, na ilipochangamka tena zile sekunde chache zilikuwa zimeshapita. Dawa yake ni ya kizamani. Unaweka swichi ndogo katikati, kompyuta inaona kebo iko hai muda wote. Kijana wa mama alikuwa nayo chini ya televisheni.

Safari hii ruta iliitika. Ilijibu mara tatu, na kila jibu lilikuwa na namba 100 mwishoni badala ya 64. Wanaojua ruta za Broadcom watatuelewa tulivyopiga kelele: 64 ni Linux ikiwa macho, 100 ni kile kiprogramu cha chini kabisa kinachosubiri kuletewa faili. Ilikuwa hai. Tulipeleka fimwea ya kiwanda, tukaondoa mikono, tukasubiri dakika tano tukiitazama taa bila kusema lolote. Ikaacha kupepesa.

Kisha tukageuza kifaa, tukasoma lebo kwa sauti, wote watatu, tukaingiza DD-WRT ya toleo la pili na kuwasha foleni ya fq_codel. Hii iliingia kwenye Linux mwaka 2012, na kazi yake ni kuzuia pakiti za mchezo kujipanga mbele ya pakiti za sauti hadi foleni nzima inasimama. Tuliiwekea kikomo cha asilimia 85 ya kasi tuliyoipima kwenye laini, maana foleni ikiundwa kwenye modemu ruta haiwezi tena kuipanga. Saa saba za usiku tuliwaamsha watoto wawili wacheze ili tupime. Hawakulalamika. Mama alimpigia dada yake wa Nairobi kwa video, na picha haikukwama.

Dada huyo alituuliza tulikuwa tunafanya nini saa hizo, tukamwambia tumefufua tofali. Akasema kwao Nairobi tofali ni kitu kinacholeta intaneti. Alikuwa sahihi: BRCK, kisanduku cha kuunganisha intaneti penye umeme wa kukatikakatika, kilibuniwa huko na watu waliotoka Ushahidi, na mwaka 2013 kikatafutiwa fedha kwa michango ya umma.

Saa moja asubuhi tulikuwa bado kwenye kochi. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa, na kupitia huo tulimsikia mama akimwambia mgonjwa fulani, taratibu na kwa Kiswahili cha Uvira, ameze kidonge kimoja akisha kula.